Dawa ya Chuma

Zulfa aliponipigia simu kuniambia kwamba kaka yake Hamisi amefariki, sikulia. Nililia baadaye, jikoni, nikiwa nimeshika kitunguu ili watoto wasiniulize maswali. Kwanza nilikasirika. Nilikasirika kiasi kwamba ilibidi nimwombe Zulfa arudie alichosema, maana baada ya jina la kaka yake sikusikia tena kitu, lilikuwa linanigonga kichwani jina jingine, la mtu aliye hai, mzima wa afya, mwenye macho yake mawili. "Dativa, unanisikia? Tunamzika leo baada ya alasiri," alisema. Nikamwambia nasikia, pole dada, nakuja. Nimewahi kuwasimulia watu wachache habari za mwaka ule niliofanya kazi na Hamisi, na nimegundua kwamba wote, wakifika katikati ya habari, huniangalia kwa huruma, wakisubiri nifike mahali pa kukiri kwamba na mimi nilikosa. Wasisubiri. Sikukosa. Nilisema kwa mdomo wangu, mchana, mbele za watu, na aliyetakiwa kusikia alisikia vizuri sana. Kama ninaandika leo, siandiki ili nitue mzigo. Ninaandika kwa sababu hasira haijaisha, na sioni kwa nini iishe.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesoma kemia, nimepanga chumba Gisozi, Kigali, mlimani juu ya karakana za Agakiriro. Chumba chenyewe kilikuwa cha kuta za saruji isiyopakwa rangi na dirisha moja nisiloweza kulifungua, maana ukilifungua tu vumbi la mbao linaingia na kutua kwenye mto wa kulalia, kwenye chumvi, kwenye mswaki. Kuanzia asubuhi mashine za kukatia vyuma zilikuwa zinapiga kelele huko chini, na ikifika jioni harufu ya vanishi ilipanda hadi kitandani. Nilikuwa na jiko la mkaa na sufuria mbili. Moja ilikuwa ya chakula. Nyingine ilikuwa ya umubirizi, kile kichaka chenye majani machungu ambacho kila aliyekulia Rwanda, au Karagwe nilikokulia mimi, amewahi kunyweshwa kwa malaria au kwa minyoo, kwa hiari au kwa kushikwa pua. Nilichuma majani kwenye ua wa mama mwenye nyumba, nikayaanika, nikayachemsha mpaka maji yakawa ya kahawia iliyoiva, nikayachuja kwa kitambaa. Mama mwenye nyumba alivumilia kwa wiki kadhaa, kisha akaja kusimama mlangoni. "Mwanangu, wewe unaumwa nini ya kunywa dawa namna hii?" Nikamwambia siumwi, ni dawa ya chuma. "Chuma nayo inaumwa?" Inaumwa sana mama, nikamjibu. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kesho yake mtaa mzima ulikuwa unaniita mganga wa vyuma.

Hakukuwa na uganga wowote. Kiwanda kilichoniajiri kilikuwa Masoro, kwenye eneo la viwanda, na kazi yake ilikuwa kupaka mabomba na vyuma vya uzio zinki ili visishike kutu. Chuma kikitoka dukani kina kutu tayari, na zinki haishiki juu ya kutu, kwa hiyo kwanza kinachovywa kwenye tangi la asidi. Asidi inakula kutu. Shida ni kwamba ikimaliza kutu haijui kuacha. Inaendelea na chuma kizima, kinachemka viputo, kinatoa mvuke unaowasha koo, na bomba linatoka limechimbikachimbika. Ili kuizuia, kiwanda kilikuwa kinamimina ndani yake kemikali fulani ya kununua, ya mapipa yenye picha ya fuvu, ambayo ikishamwagwa na maji machafu ilikausha nyasi zote za bondeni. Mimi chuoni nilikuwa nimefanyia kazi umubirizi. Wengine nchi za mbali walishajaribu majani mengine na maganda ya matunda, sikugundua dunia. Nilichokiona ni kwamba maji ya umubirizi ukiyatia kwenye asidi, vitu vilivyomo ndani ya jani vinajibandika juu ya chuma kama ngozi nyembamba, na asidi ikija inakuta mlango umefungwa. Chuma kinapona. Nasema hivyo hata leo bila aibu, kwa kuwa ni kweli: jani lilifanya kazi yake, na bondeni nyasi ziliota tena.

Maabara yangu ilikuwa stoo ya zamani iliyotobolewa dirisha la kioo, na kupitia kioo hicho nililiona tangi lote na watu wote waliolizunguka. Nilikuwa na mizani ndani ya kasha la kioo, mizani nyepesi ya kusikia hadi pumzi, ikabidi nifunge mlango nikipima. Nilikata vipande vya chuma vidogo, nikavisugua kwa msasa mpaka nikajiona uso, nikavipima, nikavining'iniza kwa uzi wa nailoni ndani ya bilauri za asidi, zenye majani na zisizo na majani. Baadaye nikavitoa, nikaviosha, nikavikausha, nikavipima tena. Kilichopungua ndicho asidi ilichokula. Kazi ya kurudiarudia, lakini niliipenda. Na aliyekuwa anaipenda kunishinda mimi alikuwa Hamisi, msimamizi wa tangi, mwenyeji wa Biryogo, mpana wa mabega, mwenye kicheko kilichotangulia mwili wake mlangoni. Alikuwa anaingia wakati wa mapumziko na kikombe chake cha chai ya tangawizi, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama.

"Mganga, leo mgonjwa anaendeleaje?"

"Amepungua kidogo sana. Mwangalie huyu asiyepata dawa, alivyoliwa."

"Masikini. Huyu tumsomee yasini." Kisha ananitazama kwa ujanja. "Lakini wewe Mtanzania unaongea kama redio. 'Amepungua kidogo sana.' Hapa Kigali tunasema iko poa, basi, tunaenda kula."

Tukaenda kula. Kantini ilikuwa banda la mabati nyuma ya kiwanda, na mpishi, Mama Keza, alipika vitu vile vile, maharage, viazi, mchicha wanaouita dodo, na ugali wa muhogo uliovutika hadi kwenye kiwiko. Ijumaa Hamisi alirudi kutoka msikitini na bakuli la pilau la dada yake Zulfa, fundi wa cherehani, ambaye hata sikuwa nimemjua bado, nikawa ninamjua kwa mdalasini wake tu. Tulipoanza kutia majani kwenye tangi kubwa, ni Mama Keza aliyetuazima sufuria lake la ugali kuchemshia, mpaka siku wafanyakazi walipoinua vijiko na kukunja nyuso wote kwa pamoja. "Hapana!" alisema Mama Keza, ameshika kiuno. "Chakura yangu imekuwa chungu kama kwinini. Dativa, tafuta sufuria yako." Tulicheka siku nzima. Ninataka ieleweke kwamba tulikuwa na furaha. Watu wakisikia mwisho wa habari hii hudhani mahali pale palikuwa jehanamu tangu mwanzo, na hilo nalo linaniudhi, maana linampa mwenye makosa pa kujificha. Palikuwa mahali pazuri. Mtu alipaharibu.

Tangi kubwa lilipopokea majani, lilinyamaza. Sina neno jingine. Jana yake lilikuwa linatokota, linatupa ukungu, watu wanakohoa nyuma ya maski. Leo limetulia tuli, rangi ya chai ya rangi, linanuka majani yaliyochemshwa. Ule mvuke ulikuwa ukipandishwa na viputo, na viputo vilitokana na chuma kuliwa, kwa hiyo chuma kilipoacha kuliwa na mvuke ukapungua. Wafanyakazi waliliita tangi "chai" siku ile ile. Na hapo ndipo lilipozaliwa kosa ambalo nadhani lingezaliwa kwetu tu, maana ni sisi tuliokunywa umubirizi tangu utotoni. Mchana mmoja, nikiwa kwenye foleni ya kantini, niliwasikia nyuma yangu wakiongea. "Hii asidi sasa haina nguvu. Umubirizi imeimaliza." "Si ndiyo dawa tunakunywa? Itakuunguza namna gani na iko na dawa ndani?" Mmoja alikuwa amekaa kula bila hata kunawa, na glavu zake sikuziona popote.

Sikuwapa hotuba. Siku hiyo, kwa bahati, Mama Keza alikuwa amepika mbuzi, na nilikuwa na kipande cha nyama kwenye sahani yangu. Nilikichukua, nikawaomba wanifuate, nikachota ile "chai" kutoka tangini kwa kikombe cha maabara, nikaitumbukiza ile nyama mbele yao wote. Alasiri, kabla hawajatoka, niliwaita tena. Nyama ilikuwa imepauka, imelegea, na nilipoigusa kwa kijiti cha kioo ikaachana vipande vipande. Niliwaambia: dawa hii inakaa juu ya chuma. Haijaipunguzia asidi nguvu hata kidogo. Asidi ni ile ile ya jana, imenyamaza tu. Hamisi aliitazama ile nyama kwa muda mrefu, kicheko chote kimemtoka, halafu akageuka na kuwaambia watu wake, kwa Kiswahili chake cha Biryogo, "Mmeona. Kesho nikimkuta mtu hana kioo cha uso, ataenda nyumbani." Na kesho yake wote walikuwa wamevaa: glavu, aproni, maski, na vile vioo vya kufunika uso mzima. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeshasikia ikisemwa kwamba wafanyakazi wale hawakuelewa. Walielewa. Ilichukua kipande kimoja cha nyama.

Asiyetaka kuelewa alikuwa Karemera, mwenye kiwanda. Alikuwa kijana bado, amekulia Kampala, suti za kumkaa vizuri, mwepesi wa kucheka na wa kukumbuka majina ya watoto wa wafanyakazi wake. Wengi walimpenda. Mimi pia nilimpenda, kwa muda. Alifurahi sana na majani. Alitupeleka baa huko Gisimenti mimi na Hamisi na wasimamizi wengine, akaagiza mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, na soda kwa Hamisi bila kuulizwa. Kelele za baa zilikuwa kubwa, lakini nilimsikia akiwa amegeukia meza ya jirani, anamwambia rafiki yake, "Imagine, asidi ambayo ni eco-friendly! Kabisa kabisa. Unaweza hata kunawa nayo mikono."

"Bosi, huwezi," nilisema.

Aligeuka, anatabasamu. "Dativa, si ni majani?"

"Ni majani ndani ya asidi. Ukinawa nayo utaacha ngozi kwenye beseni."

Meza zote mbili zilicheka. Yeye alicheka kuliko wote, akanipigapiga begani, akaniwekea mshikaki mwingine kwenye sahani. "Hawa wasomi wetu," alimwambia rafiki yake, "wanaogopa hata mafanikio yao." Nilikula ule mshikaki. Ninaukumbuka, ulikuwa na pilipili nyingi, na nilikuwa nimekasirika, na bado niliutafuna, kwa sababu bosi wako anapokuwekea nyama mbele ya watu huirudishi.

Baadaye akatangaza kwamba wageni wanakuja, wenye kamera, kuona kiwanda kinachotumia mimea. Asubuhi ya ugeni alipita mwenyewe kwenye tangi na kuwaambia watu wavue vioo na maski, na feni ya kuvuta mvuke izimwe kwa kuwa ilikuwa inazuia watu kusikilizana. Niliiona midomo yake kupitia kioo cha maabara kabla sijasikia, nikatoka mbio. Nilimwambia hapana. Sikumwita pembeni, nilimwambia pale pale, mbele ya wote, nikamkumbusha habari ya nyama. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliongea taratibu, kwa upole, namna anavyoongea mtu na mtoto wa dada yake. "Dativa, sikiliza. Wageni wakiona watu wamevaa kama wako vitani, watauliza, hii natural iko natural gani? Ni wewe ulituletea hii dawa. Sasa unaitilia mashaka wewe mwenyewe?" Kisha akamgeukia Hamisi. "Hamisi, kuna shida?" Hamisi alinitazama mimi, akamtazama yeye. Alikuwa na dada, alikuwa na kazi anayoiweza, na aliyemuuliza alikuwa bosi wake. "Hakuna shida, Patron," alisema, na akavua.

Picha waliyompiga siku ile ilitundikwa mapokezi. Hamisi amesimama kando ya tangi, uso wazi, anacheka na meno yote, na nyuma yake chai imetulia. Nikiingia asubuhi nilipita nikitazama chini. Vioo havikurudi. Viliwekwa kwenye stoo, na ufunguo wa stoo ukahamia ofisini, kwa sababu, tuliambiwa, wageni wengine wanaweza kuja wakati wowote bila taarifa. Nilidai. Nilidai ofisini, nilidai uwanjani, nilidai kantini mbele ya sahani yake siku aliyoamua kula na sisi. Kila mara nilijibiwa kwa upole ule ule. "Nimekusikia, Dativa. Tutaliangalia." Hamisi alikuwa ananikataza. "Mganga, acha, watakufukuza, halafu mgonjwa atabaki na nani?" Alinitania hivyo akiwa amesimama hatua chache kutoka tangini, uso wake mtupu, na mimi nyuma ya kioo changu na mizani yangu, nikiangalia kama chuma kimepungua.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, asubuhi ya jua, kabla ya chai ya saa nne. Walikuwa wanateremsha fungu la mabomba kwa winchi. Mabomba yakiingia kwenye tangi yanatakiwa yainame upande mmoja ili hewa itoke polepole. Yakiingia yamelala, hewa inabanwa ndani, kisha inatoka kwa nguvu na kurusha kilichopo juu yake. Mnyororo mmoja uliteleza. Mabomba yakalala. Nilisikia mlio wa kukoroma, nikainua macho kutoka kwenye mizani, nikaona maji ya kahawia yamesimama hewani kando ya tangi, kisha nikamwona Hamisi ameshika uso kwa mikono miwili.

Nilimkokota hadi bombani, maji yalikuwa yanatoka kwa uchovu, Mama Keza akaja anakimbia na madumu ya maji ya kantini na tukayamimina usoni mwake, dumu baada ya dumu, mimi nikiwa nimekaa sakafuni na kichwa chake mapajani mwangu, nikimfungua kope kwa vidole naye anapiga kelele. Baadaye akaacha kupiga kelele. Alitafuta mkono wangu, akaubana, na akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mganga, majani uliweka leo?"

Alikuwa ameiona ile nyama kwa macho yale yale. Alijua. Lakini mtu aliyeumia hujishikiza popote, na alikuwa ameambiwa kwa upole mara nyingi, na mtu aliyemheshimu, kwamba dawa iko ndani. Nikamwambia niliweka. Akasema, "Basi," kama mtu aliyetulizwa.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la ukumbini, mimi na mwanamke mwenye kitenge cha bluu na tepu ya kupimia nguo bado shingoni. Ndivyo nilivyoonana na Zulfa. Karemera alikuja, akatupa pole, akasogea hatua chache kupokea simu, akatugeuzia mgongo, akidhani mgongo unaziba sauti. "Ndiyo, kaajali kadogo. Mtu mmoja. Hapana, hapana, mzigo uko sawa. Chuma haijaharibika hata kidogo, tunapeleka kesho." Zulfa aliniangalia. Jioni daktari alitoka akatuambia jicho la kulia limekwenda, na la kushoto litabaki likitofautisha mchana na usiku, basi. Kiwandani ikasemwa kwamba Hamisi hakuwa amevaa kioo cha uso. Ilisemwa hivyo hivyo, bila kumeza mate, na ufunguo wa stoo ukiwa kwenye droo ya aliyekuwa anasema. Nilibaki hadi mwisho wa mwaka kwa sababu nilitaka kuviona vile vioo vikirudi kwenye nyuso za watu. Vilirudi, polepole, baada ya mimi na wafanyakazi wote wa tangi kusimama siku nzima bila kugusa mnyororo. Siku ya kwanza wote walipovaa, niliaga. Toka hapo nafundisha. Wanafunzi wangu hupima vipande vya chuma, na kabla hawajagusa asidi ninawaonyesha nyama kwenye kikombe.

Hamisi aliishi miaka mingi baada ya hapo, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya Zulfa huko Biryogo, kati ya cherehani na mlango. Nilikuwa naenda Ijumaa. Nilimkuta anachambua mchele kwa vidole, anabishana na wateja kuhusu mpira aliokuwa anausikiliza redioni. Utani haukumwisha, ila ulipata makali. Cherehani ikigoma, anasema, "Weka majani." Umeme ukikatika, "Weka majani, utarudi." Zulfa hakucheka hata mara moja. Mimi nilicheka, kwa kuwa alitaka nicheke, kisha nikirudi nyumbani nikawa naosha vyombo kwa nguvu mpaka vinavunjika. Miaka ya mwisho kifua kilimsumbua, akawa anakohoa usiku, na daktari mmoja alipouliza alikuwa anafanya kazi gani zamani, Hamisi alijibu, "Nilikuwa napika chai."

Siku ya hitima nilikuwa nimekaa na wanawake chumbani kwa Zulfa, cherehani imefunikwa shuka, sinia za pilau zinapita, mdalasini ule ule. Tukasikia gari nje. Karemera alishuka, amenenepa, mvi zimemkaa vizuri, na nyuma yake dereva wake akateremsha kitu kutoka kwenye pikapu: fremu ya uzio wa kaburi, ya chuma, imepakwa zinki, inang'aa juani. Watu walimpisha kwa heshima. Zulfa akatoka, nami nikatoka nyuma yake.

"Mama, ihangane, pole sana," alisema Karemera, ameweka mkono kifuani. "Hamisi alikuwa mtu yetu. Hii tumemtengenezea special, ya kaburi yake. Imepita kwenye ile dawa." Akaniona. Uso wake ukachangamka, kwa kweli ukachangamka. "Dativa! Ile dawa yako. Mpaka leo tunaitumia."

Nilikuwa na maneno niliyoyapanga kwa miaka, nikafungua mdomo. Zulfa aliniwekea mkono mkononi. Aliisogelea ile fremu, akaipitishia vidole kwenye maungio, jinsi anavyokagua mshono wa mwanafunzi wake, bila haraka.

"Kazi safi," alisema. "Itashika kutu lini, Patron?"

"Hii? Hapana, mama." Alitabasamu kwa fahari. "Hii haishiki kutu. Watoto wa watoto wetu wataikuta hivi hivi."

"Chuma mlikitunza vizuri."

"Sana, mama."

"Basi rudi nacho," alisema Zulfa. "Hicho ndicho mlichokitunza."

Alibaki amesimama, mkono bado kifuani, anamtafuta mtu wa kumtazama. Dereva hakujua afanye nini. Nikainama nikashika upande mmoja wa ile fremu, Zulfa akafunga kanga yake kiunoni na kushika upande wa pili, na tukaipakia wenyewe kwenye gari lake, bila kumwomba mtu atusaidie.